Ramu ya Jamaika Ni ya Nani?

Majira ya baridi yanapoingia Marekani na Ulaya, meli kubwa za watalii huelekea Bahari ya Karibi mithili ya ndege wahamao. Asubuhi zinatia gati katika kisiwa hiki, jioni zinang'oa nanga kuelekea kile, na kati ya nyakati hizo mbili abiria wanapewa saa saba au nane za kukanyaga nchi kavu. Muda huo hautoshi kuijua nchi ya watu. Unatosha kununua. Na miongoni mwa vitu ambavyo abiria hao hupenda kurudi navyo kwao, viwili havikosi kutajwa: chupa ya ramu ya kisiwani, na sigaa, yaani ile sigara nene isiyo na karatasi, inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku.

Tunajua kwamba wengi wa wasomaji wetu hawatumii kileo, na dini zao zimewakataza. Tunayajua pia madhara ya tumbaku, wala hatuna nia ya kuisifu hapa. Lakini ramu na sigaa ni kazi ya mkulima na mfanyakazi kabla hazijawa anasa ya mnunuzi, na jinsi zinavyouzwa katika bandari za Karibi ni jambo linalostahili kuchunguzwa na kila nchi inayowauzia wageni mazao yake. Jina la nchi linaweza kubandikwa juu ya bidhaa, likatajirisha watu, ilhali nchi yenyewe ikiambulia ujira wa kupakia mizigo.

Tuchukue mfano wa Falmouth, katika pwani ya kaskazini ya Jamaika. Mji huo uliasisiwa mwaka 1769 katika wilaya ya Trelawny, nao ulijengwa kwa sukari. Mashamba ya miwa ya Trelawny yalilimwa na Waafrika waliotekwa na kufanywa watumwa, na Falmouth ndipo mapipa ya sukari na ramu yalipopakiwa kwenda Uingereza. Ramu yenyewe ni mtoto wa sukari. Maji ya miwa yakishachemshwa na sukari ikaganda, hubaki uji mzito mweusi uitwao molasi; uji huo ukichachushwa, kisha ukakenekwa kwa moto, hutoka kileo kikali. Kwa hiyo bwana shamba alivuna faida mara mbili kwa jasho lile lile. Wala mambo hayakuishia hapo. Molasi ya Karibi ilipelekwa pia New England, huko Marekani ya Kaskazini, ikapikwa ramu, na ramu hiyo ikavushwa bahari hadi pwani ya Afrika Magharibi kwenda kununulia watu wengine. Utumwa ulipokomeshwa kabisa katika Jamaika, tarehe 1 Agosti 1838, waumini wa kanisa la Kibaptisti la mchungaji William Knibb mjini Falmouth walizika jeneza ambalo ndani yake waliweka minyororo na mjeledi.

Mji huo huo ulifunguliwa upya mwaka 2011, safari hii kama bandari ya watalii, kwa ushirikiano wa Mamlaka ya Bandari ya Jamaika na kampuni ya meli ya Royal Caribbean, ambayo makao yake yako Miami na uandikishaji wake uko Liberia. (Naam, Liberia ile ile ya Afrika Magharibi. Kampuni za meli hupenda kuandikishwa kule ambako mkono wa mtoza kodi ni mwepesi.) Bandari ilijengwa kwa kuzifikiria meli zenye uwezo wa kubeba zaidi ya abiria 5,000 kila moja. Na kilichojengwa si gati peke yake. Ndani ya uzio wa bandari yalipangwa maduka ya vito, saa, manukato, vileo na sigaa, katika majengo yaliyobuniwa yafanane na yale ya kale yaliyoupatia mji sifa. Majengo ya kale yenyewe yako nje ya lango, mwendo wa dakika chache kwa miguu, na baadhi yake yamechakaa.

Hapo ndipo penye mushkeli. Abiria anaweza kushuka melini, akanunua chupa yenye neno "Jamaica" kwa herufi za dhahabu, akarudi melini, bila kuvuka lango na kuonana na Falmouth. Tangu mwanzo wachuuzi wa mji huo, wachongaji wa vinyago, wauza matunda na wenye vibanda, walilalamika kwamba walioahidiwa neema ya meli wamebaki kuichungulia kupitia kwenye uzio. Malalamiko ya namna hiyo yamesikika katika bandari nyingi za Karibi, maana mtindo wa ujenzi ni ule ule.

Tena abiria huwa amekwisha kutayarishwa kabla hajashuka. Melini yupo mtu ambaye kazi yake ni kueleza habari za ununuzi, na ipo ramani yenye majina ya maduka "yanayopendekezwa". Asichoelezwa abiria waziwazi, au alichoelezwa kwa herufi ndogo sana, ni kwamba duka hulipa ili lipendekezwe. Mama anayeuza ramu na sosi ya pilipili katika kibanda chake hana fedha za kununua pendekezo. Na chupa itakayonunuliwa nchi kavu huzuiliwa mlangoni pa meli, ikawekwa hadi mwisho wa safari, abiria asije akajinywea chumbani mwake badala ya kununua kinywaji katika baa ya meli.

Sasa tuitazame chupa yenyewe. Ramu ya Appleton, ambayo shamba lake linajivunia mwaka 1749, hutengenezwa katika bonde la wilaya ya St Elizabeth. Tangu mwaka 2012 kampuni yenye ramu hiyo ni mali ya Campari ya Italia. Mount Gay ya Barbados, ambayo hujitangaza kwa hati ya mwaka 1703, iko mikononi mwa Wafaransa wa Rémy Cointreau. Watu wepesi wa hasira watasema kwamba basi hizo si ramu za Karibi tena. Sisi hatufiki huko. Mwaka 1997 Appleton ilimpa Joy Spence, mwanamke wa Kijamaika, cheo cha bingwa wa kuchanganya ramu, cheo ambacho hakikuwa kimeshikwa na mwanamke yeyote katika biashara hiyo. Ujuzi wa namna hiyo haumo katika hati za hisa. Mwenye mali akiwa mgeni, lakini kazi, mapipa na maarifa vikabaki nchini, bado nchi imeshika kitu mkononi.

Suala la molasi ni chungu zaidi. Mtu akiona picha ya shamba la miwa katika chupa hudhani miwa hiyo ndiyo iliyozaa ramu aliyoinunua. Mara nyingi sivyo. Trinidad ilifunga shirika lake la sukari la Caroni mwaka 2003. St Kitts, kisiwa kilicholima miwa kwa zaidi ya miaka 300, kiliacha kabisa kutengeneza sukari mwaka 2005. Viwanda vingi vya ramu vya Karibi sasa huagiza molasi kutoka ng'ambo, ikaja kwa meli kama mafuta ya taa. Wasomaji wetu wa Kenya, Tanzania na Uganda wana sababu ya kuielewa habari hii, kwani nchi zetu zilikuwamo katika mapatano yale yale ya sukari yaliyofungamana na Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975, ambayo yaliipa sukari ya nchi zilizotawaliwa bei nzuri katika Soko la Ulaya. Kuanzia mwaka 2006 Ulaya ilipunguza bei hiyo hatua kwa hatua kwa asilimia 36, na mwaka 2009 mapatano yakafikia kikomo. Visiwa ambavyo kwa karne tatu vililazimishwa kulima miwa na miwa tu viliambiwa kwamba sukari yao ni ghali mno. Ramu ilibaki, mtoto aliyeachwa na mama.

Wako waliojihami mapema. Kisiwani Martinique ramu hupikwa kwa maji mabichi ya miwa badala ya molasi, na tangu mwaka 1996 sheria ya Ufaransa inalilinda jina lake kama inavyolinda mvinyo wa Bordeaux: miwa lazima iwe ya kisiwani, na kazi ifanyike kisiwani. Chupa ikisema Martinique, ni Martinique.

Jamaika nayo ilipigania jambo la namna hiyo, na hili ndilo tunalotaka msomaji alitafakari kwa makini. Ramu mpya hutoka mtamboni ikiwa nyeupe na kali. Ili iwe ramu ya bei kubwa, hulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa miaka mitano, kumi na miwili, ishirini. Katika joto la Jamaika kileo huvukiza upesi. Pipa hupoteza kiasi kinachokadiriwa kuwa asilimia 6 kwa mwaka, ambapo katika baridi ya Scotland hupoteza kama asilimia 2. Kwa sababu hiyo ramu hukomaa upesi zaidi katika nchi ya joto, lakini mwenye pipa hupata hasara kubwa zaidi ya ujazo, na fedha zake hufungiwa ghalani miaka yote hiyo. Ndiyo maana tangu enzi za ukoloni kiasi kikubwa cha ramu ya Jamaika kiliondoka ikiwa changa, ndani ya mapipa, kwenda kulazwa katika maghala ya Uingereza. Aliyelima na kupika alilipwa bei ya malighafi. Aliyekaa na pipa akingojea miaka ipite ndiye aliyelipwa bei ya umri.

Mwaka 2016 Jamaika iliandikisha jina la ramu yake ili lilindwe kisheria. Swali likabaki: je, ramu iliyopikwa Jamaika ikalazwa Ulaya yaweza kuitwa ramu ya Jamaika? Mwaka 2024 ofisi ya serikali inayosimamia majina hayo iliamua kwamba ukomazaji nao ufanyike nchini. Kundi moja la viwanda, ambalo miongoni mwa wenye hisa wake ni kampuni za kigeni, lilipinga. Hoja yao si ya kupuuzwa: wanasema biashara ya kulaza ramu ng'ambo ina umri wa karne kadhaa, na kwamba kuifunga kutawaondolea wateja wa ramu ya jumla. Barbados nayo imekuwa na mvutano wa aina hiyo hiyo, watengenezaji wakongwe upande mmoja na kiwanda chenye wenyewe Ufaransa upande wa pili.

Safu hii iko upande wa wale wanaotaka ramu ilazwe nyumbani. Desturi ya karne kadhaa si hoja ikiwa desturi yenyewe ilianzishwa na mtawala kwa manufaa ya maghala ya London. Ghala la mapipa huhitaji maseremala wa kutengeneza mapipa, walinzi, waonjaji, wahasibu, wachora lebo, wenye kiwanda cha chupa. Yote hayo ni ajira ambazo hazionekani machoni mwa mtalii, lakini ndizo zinazomfanya kijana wa Trelawny asijione kwamba riziki yake ni kufungua mlango wa teksi siku ambayo meli imekuja.

Wala hatuzungumzi ndoto. Si mbali na gati la Falmouth, katika wilaya hiyo hiyo ya Trelawny, kipo kiwanda cha kale cha Hampden. Kwa muda mrefu ramu ya Hampden iliuzwa kwa jumla kwenda Ulaya, na ilikuwa na harufu nzito mno, kiasi kwamba Wajerumani wa Flensburg na kwingineko walitia kidogo tu katika kileo kisicho na ladha wakapata kinywaji cha kuuza. Mnywaji wa Ujerumani hakulijua jina la Hampden. Mwaka 2009 familia moja ya Kijamaika ilikinunua kiwanda, ikaanza kuilaza ramu palepale, na mwaka 2018 chupa zenye jina la Hampden, zilizokomaa Trelawny, zikaingia katika soko la dunia na kugombewa na wajuzi. Miaka tisa ya kungoja. Kiwanda hupokea wageni, na abiria wa meli mwenye saa saba anaweza kwenda na kurudi na nafasi ikabaki. Ajabu ni kwamba wengi huondoka Falmouth bila hata kujua kwamba kipo.

Kuhusu sigaa tutasema kwa ufupi zaidi, ingawa huko ndiko udanganyifu umejaa. Jamaika ilikuwa na viwanda vyake vya sigaa. Macanudo, jina lililopendwa sana Marekani, lilisokotwa Kingston hadi mwaka 2000, kiwanda kilipofungwa na kazi kuhamishiwa Jamhuri ya Dominika. Leo nchi hiyo ni mojawapo ya ngome za sigaa za mkono kwa soko la Marekani. Huko Santiago na mji mdogo wa Tamboril familia nyingi hula kwa kazi hiyo, na La Romana, ambayo nayo ni bandari ya meli za watalii, ina mojawapo ya viwanda vikubwa kabisa vya sigaa za mkono duniani.

Lakini abiria huyo hutafuta sigaa za Kuba, kwa kuwa alikatazwa. Marekani iliiwekea Kuba vikwazo vya biashara mwaka 1962. Mwaka 2016 Rais Obama aliruhusu wasafiri kurudi na ramu na sigaa za Kuba kwa matumizi yao wenyewe. Mwezi Septemba 2020 serikali ya Trump ikafuta ruhusa hiyo. Meli za Marekani nazo, zilizoanza kwenda Havana mwaka 2016, zilizuiwa mwaka 2019. Katazo hilo limezaa soko la walaghai. Katika fukwe na vichochoro vya bandari za Karibi huuzwa maboksi ya Cohiba yenye kifuniko cha kioo, na mwuzaji hunong'ona kwamba shemeji yake anafanya kazi kiwandani. Msomaji akumbuke: Wakuba hawauzi Cohiba katika maboksi ya kioo. Bei ikiwa ya kuchekesha, sigaa nayo ni ya kuchekesha. Afadhali mara kumi ununue sigaa ya Dominika iliyosokotwa mbele ya macho yako, na yule aliyeisokota akapokea fedha mkononi mwake.

Hata majina halisi yamegawanyika. Kuba ina Cohiba yake, iliyoanza mwaka 1966, na Marekani imekuwa na Cohiba nyingine ya Kidominika isiyohusiana nayo. Havana Club ya Kuba huuzwa duniani kwa ubia wa serikali ya Kuba na Pernod Ricard ya Ufaransa tangu mwaka 1993. Bacardi, ambayo mali zake Kuba zilitaifishwa mwaka 1960, iliuza Marekani Havana Club ya kwake iliyotengenezwa Puerto Rico. Hivyo jina la mji wa Havana limekuwa kama shamba lenye hati mbili.

Serikali za visiwa zingeweza kufanya mengi, na si kweli kwamba hazikujaribu. Katika miaka ya 1990 nchi za Caricom zilitaka kukubaliana kodi ya pamoja kwa kila abiria wa meli. Kampuni zikatishia kuhama, kisiwa kikamwogopa jirani yake, na umoja ukavunjika. Mwaka 1999 kampuni moja kubwa ya meli iliacha kwenda Grenada kwa sababu ya tozo ya dola moja na nusu kwa abiria, iliyokusudiwa kusaidia gharama za kuzoa taka. Dola moja na nusu! Thamani ya soda.

Kwa hiyo tusitarajie kwamba kisiwa kimoja pekee kitainua kodi. Lakini kuna jambo ambalo hata kisiwa kidogo kinaweza kulidai bila kumfukuza mtu. Bandari inapojengwa kwa ardhi na fedha za umma, mkataba utamke kwamba sehemu ya maduka ya ndani ya uzio ni ya watengenezaji wa nchi, kwa kodi wanayoiweza, na kwamba lango la kutokea mjini liwe mbele ya macho ya abiria na si nyuma ya maduka ya almasi. Na lebo ya chupa iseme mambo matatu bila kuficha: molasi imetoka wapi, ramu imepikwa wapi, imelazwa wapi na kwa miaka mingapi. Sisi wa Mombasa na Unguja, ambako nako meli za watalii hutia gati, tungefanya vyema kuisoma mikataba ya Falmouth kabla ya kutia saini ya kwetu.

Ama abiria mwenyewe, asione haya kuuliza maswali hayo dukani. Hata forodha ya Marekani huyauliza kwa namna yake: msafiri anayerudi kutoka sehemu nyingi duniani huruhusiwa lita moja ya kileo bila ushuru, lakini anayerudi kutoka nchi za Karibi zilizo katika mpango maalumu wa biashara huruhusiwa mbili, kwa sharti kwamba angalau moja iwe imetengenezwa katika mojawapo ya nchi hizo.